Fundi Viatu Aliyeliona Goti

Jumanne asubuhi simu yangu ililia mfululizo. Nilipoifungua nikakuta kundi la WhatsApp la tawi la mashabiki wa timu yetu limejaa vilio. Fundi viatu wetu, mzee wa pale sokoni Singida mjini, alikuwa amefariki nyumbani kwao Mtinko baada ya kusumbuliwa na mapafu kwa wiki kadhaa. Wa kwanza kuandika rambirambi alikuwa mwenyekiti wa tawi: "Tumempoteza mwanafamilia, nguzo ya timu." Niliyasoma maneno hayo mara mbili, chai ikanipoa mkononi. Mwenyekiti huyohuyo ndiye aliyemfukuza marehemu kwenye tawi misimu miwili iliyopita, mbele ya macho yangu, watu wakipiga makofi. Wasomaji wangu mmezoea kunikuta na utani kwenye ukurasa huu. Leo sina utani. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Sitampamba fundi kwa sababu amekufa. Alikuwa mtu mgumu. Ukimpelekea kiatu chenye tope alikurudishia ukakisafishe kwanza, hata kama umevaa suti na una haraka. Vijana waliopita kibandani kwake bila kusema shikamoo aliwaita warudi, akaacha sindano na kuwatazama mpaka waseme. Uwanjani alikaa upande wa jua, peke yake, na maneno aliyowatupia mabeki wazembe hayawezi kuandikwa gazetini. Lakini alikuwa na jicho. Daluga za wachezaji wetu zilishonwa kwake kwa miaka mingi, na kwa kutazama soli tu aliweza kukuambia nani anakimbilia vidole, nani anaburuta mguu, na nani anamdanganya kocha kuwa amepona.

Ndipo viongozi wa timu, mwenyekiti wetu wa tawi akiwa mmoja wao, wakatutangazia kwamba wanamleta nyota. Jina lake halihitajiki hapa. Kila mtu nchini aliyewahi kusikiliza mpira redioni analijua. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Mji ulichanganyikiwa kwa furaha, na mimi nilichanganyikiwa pamoja nao. Alipokuja kufanya mazoezi ya siku chache kabla ya kusaini, mtunza vifaa alizipeleka daluga zake kwa fundi zikaongezwe uzi. Fundi alizigeuza, akazitazama, akamwita mtunza vifaa karibu. Ya kulia ilikuwa imelika kama inavyotakiwa. Ya kushoto ilikuwa imelika ukingo wa nje tu, na meno yake ya mbele yalikuwa kama yametoka dukani jana. "Huyu bwana mguu wa kushoto haukanyagi," alisema. "Anauweka chini kwa kuuogopa. Hapa kuna goti." Mtunza vifaa akamwambia aende akaseme mwenyewe kwenye kikao.

Alikwenda. Kilikuwa kikao cha Jumamosi mchana, na mimi nilikaa mstari wa mbele nikiwa na daftari langu. Fundi alisimama amevaa jezi ya tawi, akasema, "Mwenyekiti, mpimeni goti la kushoto kabla hamjamsainisha."

"Fundi, umekuwa daktari lini?" mwenyekiti aliuliza.

"Si daktari. Nashona viatu. Miguu ya watu naijua kwa viatu vyao."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Fundi alingoja kicheko kiishe. "Mimi sina ugomvi na huyo bwana. Alipokuwa na nguvu nilimshangilia mpaka sauti ikakauka. Lakini nauliza, huyu mshambuliaji wetu wa Ulemo, aliyetupandisha daraja kwa magoli yake, mtamweka wapi? Benchi? Mnataka mtu wa kufunga au mtu wa kupiga naye picha?" Hapo mwenyekiti alisimama. Alisema anayepinga usajili anaipinga timu, na anayeipinga timu hana nafasi kwenye tawi. Mikono ikanyooshwa kumuunga mkono, makofi yakapigwa. Fundi akaambiwa avue jezi. Aliivua, akaikunja vizuri kama anayeirudisha dukani, akaiweka mezani, akatoka na fulana yake ya ndani katika upepo wa saa tisa.

Wiki hiyo niliandika kwenye safu hii kwamba kila mji una watu wasiopenda makubwa, na kwamba fundi viatu abaki na viatu. Niliona nimeandika jambo la kuchekesha. Kuna walioikata safu hiyo gazetini wakaibandika ukutani kwenye saluni jirani na kibanda chake, ambako alilazimika kuipita kila siku akienda kuchota maji.

Yaliyofuata mnayajua, lakini nitayasema kwa sababu viongozi wetu wameanza kuyasimulia kwa namna nyingine. Hakuna aliyempima goti. Katika mechi ya nne, bila kuguswa na mtu, nyota alikaa chini katikati ya uwanja, akalishika goti la kushoto kwa mikono miwili. Walimpumzisha, wakamrudisha, akakaa tena. Walizidi kumpanga, kwa sababu wageni wa heshima walikuwa wakija jukwaani kumwona yeye. Mshambuliaji wa Ulemo alisugua benchi mpaka akachoka, akaondoka kwenda kuchezea timu ya mkoa mwingine, nako anafunga mpaka leo. Sisi tulishuka daraja. Nyota aliondoka mjini bila kuaga, naye simhurumii sana, maana alilijua goti lake kuliko mtu yeyote na bado alisaini. Viongozi walisema ni bahati mbaya. Si kweli. Waliambiwa mapema, kwa Kiswahili chepesi, wakamvua nguo aliyewaambia.

Alhamisi tulikwenda Mtinko kuzika. Mwenyekiti alifika na mpiga picha na jezi mpya ya timu, iliyoandikwa mgongoni jina la marehemu. Alitaka kuitandaza juu ya jeneza. Mjane, mama mwembamba, aliweka mkono wake juu ya jeneza na kuzungumza kwa Kinyaturu, taratibu, bila kulia. Shemeji yake akatueleza sisi tusiojua lugha hiyo: "Anasema mlimvua akiwa mzima. Msimvalishe leo kwa sababu hawezi kukataa." Mpiga picha alishusha kamera. Mwenyekiti alijaribu kucheka, akaona hakuna wa kucheka naye, akaikunja jezi na kuibana kwapani. Kusema kweli, nilifurahi kumwona vile. Kisha mjane akanitazama mimi, kwa muda mrefu, na ile furaha ikaniisha.

Alikuwa na sababu ya kunitazama. Mwezi mmoja kabla fundi hajaugua, nilikuwa nimekwenda kibandani kwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa yale niliyoandika. Alivuta uzi mpaka mwisho, akafunga fundo, ndipo akasema, "Mwandishi, kunitukana ulinitukana mbele ya mkoa mzima. Kuniomba radhi umekuja peke yako?"

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Unajua kuandika. Andika."

Nilirudi nyumbani nikaanza kuandika, nikaacha. Nilijiambia habari imepitwa na wakati. Ukweli ni kwamba mwenyekiti ananipa kiti kwenye basi la timu kila tunapocheza ugenini, na kunitambulisha kwa wakubwa, na sikutaka kuvipoteza vitu hivyo kwa ajili ya fundi mmoja wa sokoni. Nilimdhihaki kwa aya moja nzima. Kumsafisha kungehitaji sentensi mbili, nami nilizikalia.

Basi nazitoa leo. Fundi alisema kweli kuhusu goti lile na kuhusu timu yetu. Mimi nilimdhalilisha hapa hapa bila kumuuliza hata swali moja, wala kwenda kukitazama kiatu chenyewe. Najua kwamba kuandika haya baada ya kumzika ni rahisi, kwa kuwa hakuna tena wa kunijibu. Kiti changu kwenye basi mwenyekiti anaweza kumpa mwingine. Kwako wewe msomaji nina neno moja tu: kama uliwahi kumdhalilisha mtu mbele za watu, usimfuate chemba. Mwombe radhi mbele za watu walewale, tena wiki hii, angali na macho ya kuisoma na mdomo wa kuikataa.