Huenda ya Mwalimu Mwanakuu

Mwaka wa 1997, kabla ya vuli, Mwanakuu alikuwa akisomesha wasichana Kurani katika chuo cha mtaa wa Kuze. Chuo hicho ndicho kilichokuwa riziki yake na heshima yake. Siku moja walimu wakaitwa mkutanoni Ganjoni, ambako Mwikali, afisa wa hali ya hewa, aliwaeleza kwamba bahari za mbali zimepata joto lisilo la kawaida, na huenda vuli ikanyesha kushinda masika. Hilo "huenda" alilirudia kila mara. Mwanakuu akalipenda, lilikuwa neno lenye adabu.

Akarudi akawaagiza wanafunzi wawaambie mama zao wazibue mifereji, wainue magunia ya mchele sakafuni, na mapaa yazibwe sasa. Kuze mapaa huzibwa kwa ajili ya masika. Vuli ni manyunyu tu, nani ahangaike nayo?

Neno likitoka halina mwenyewe, na watu wetu ni hodari wa kutia chumvi. Lilipofika Biashara Street lilikuwa limeota pembe: mwalimu yule anadai kujua ghaibu. Mejumaa, jirani yake tangu utotoni, ndiye wa kwanza kumtoa mwanawe chuoni. Wengine wakafuata, mpaka mikeka ikawa mingi kuliko wanafunzi. Mwanakuu aliumia sana, lakini hakubadili kauli. Kila aliyemjia alimwambia kuwa mkunga akisema mwezi umefika hajadai uungu. Ametazama dalili, kisha amesema inshallah.

Oktoba mvua ikaja, na ilikuja kweli. Vichochoro vikageuka mito, mapaa yakavuja, mchele ukaota ukungu ndani ya magunia. Waliomsikiliza mwalimu, wachache hao, walilala pakavu.

Wanafunzi wakarudi wote, naye akamshukuru Mola. Baada ya siku chache akaja Mejumaa mwenyewe, ameshika udi na chupa ya marashi, vitu apelekewavyo mganga. Akakaa mkekani, akamwomba kwa sauti ya chini amtazamie siku isiyo na mvua ya kumwoza bintiye mkubwa.

Mwanakuu akamweleza upya habari ya dalili, na kwamba ajuaye ni Mungu. Mejumaa akatabasamu, kwani waganga wote hujitia hawajui, akausogeza udi mbele.

Hapo machozi yakamtoka Mwanakuu.

"Mejumaa dadangu," akasema, "siku ile ulipomtoa mwanao chuoni, ulinihishimu zaidi ya leo."