Neno la Kutumana

Mimi na mume wangu Luhaga tulikuwa na neno la kutumana. Wengi wa hapa mwaloni Kirumba, mitumbwi inakoshushia samaki, wanalo la kwao. Mume yuko kisiwani anavua, mke yuko mjini. Mtu akija kuchukua kitu, asipolitaja neno anaondoka mikono mitupu. Binti yangu Queen anasema kwenye simu linaitwa nywila. Mimi shule sikuiona, meseji sisomi, kwa hiyo letu lilikuwa la mdomoni.

Lilikuwa hili: ukoko mtamu. Lilitoka kwenye ugali wangu wa kwanza nikiwa bibi harusi. Uliungua. Luhaga alikwangua sufuria, akala, akasema ukoko mtamu, ili mama yake asinicheke. Hakuna mwingine aliyejua. Kwa neno hilo nilimvumilia miaka ishirini na sita.

Mwaka jana aliileta mashine ya mtumbwi kwa fundi. Mashine ni yangu, niliinunua kwa ng'ombe alioniachia baba. Ilipopona nikaiweka chumbani, nikasubiri. Akaja mvuvi anaitwa Okwach.

"Shikamoo, mama. Luhaga amenituma mashine."

"Marahaba. Amekwambia nini?"

"Ukoko mtamu." Akacheka. "Eti mama mkwe asikucheke!"

Neno lilikuwa lenyewe. Kicheko nilikisikia, nikajifanya sikukisikia. Nikampa.

Miezi miwili kimya, simu haipokelewi. Nikapanda boti kumfuata. Mashine niliikuta kwenye mtumbwi wa Okwach, na Luhaga nikamkuta anaishi kwa Agutu, dada yake Okwach.

"Karibu, dada mkubwa," Agutu akaniambia. "Kaa ule. Ugali wangu hauna ukoko."

Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakacheka wote. Kumbe kisiwa kizima kinalijua.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mwalo, mzee Yeremia. Akatuita wote ufukweni.

"Mama, Okwach alitaja neno?"

"Alitaja."

"Ukampa kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu. Lakini mashine ni yangu, ya ng'ombe wa baba."

"Una karatasi?"

Karatasi ina jina la Luhaga. Siku ya kununua, ndiye aliyeshika kalamu.

Mzee akamgeukia. "Wewe ulimtuma Okwach?"

"Nilimtuma."

"Basi, mama. Hapa hakuna mwizi."

Luhaga hakuniangalia hata mara moja. Okwach akaingia mtumbwini, akavuta kamba, mashine ikawaka papo hapo. Fundi wangu aliitengeneza vizuri.