Mikanda ya Mguu wa Dada Zuhura

Mnisamehe kwa mwandiko wangu mbaya na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole.

Juzi, katika duka la dawa hapa Kibaha, muuzaji alimvalisha mzee mmoja soksi ngumu ya kifundo cha mguu. Alifunga mikanda, kisha akapenyeza kidole chini yake. "Kidole kisipopita, mzee wangu, umebana mno." Nilitoka bila kununua nilichofuata.

Nilikumbuka utoto wangu kijijini Mzenga. Dada Zuhura, akiwa na mimba kubwa, aliteguka mguu shambani, na baba akamletea soksi kama ile. Ilinuka mpira mpya. Dada hakuweza kuinama, kwa hiyo nilimfunga mimi. Niliamini kuwa ikibana zaidi ndiyo inaponya zaidi, nikavuta mikanda kwa meno.

"We mtoto, unafunga mguu au gunia la mkaa?"

"Vumilia, dada. Ndiyo dawa."

"Haya, daktari."

Nikakimbilia kucheza rede. Aliniita mara mbili. Nilijua anataka nilegeze, nikaendelea kucheza.

Niliporudi, mama alikuwa ameshatoka shambani na kufungua mikanda. Vidole vya dada vilikuwa vimevimba na kupoa. Mama akaniinulia mkono.

"Usimpige, mama," dada alisema huku analia. "Nilimwita, hakunisikia."

Mguu ulipona. Dada hunitania bado, "Daktari wangu," nami hucheka tu.

Lakini siku ile nilimsikia, na hadi leo sijamwambia. Kama wewe uliwahi kukiri jambo la zamani hivi, tafadhali niandikie ulianzaje.