Gari la Kiti Kimoja

Petroli na udi havipatani, lakini pua yangu ilivizoea pamoja. Hata leo, nikisimama kituo cha mafuta na nguo yangu imefukizwa udi, narudi moja kwa moja kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Turffontein, kusini mwa Afrika. Humo Baba, fundi magari kutoka Tanga, alikuwa akiunda gari la mashindano.

Lilikuwa na pua ndefu ya bati, magurudumu yaliyojitokeza nje, na injini ya pikipiki nyuma ya mgongo wa dereva. Kiti kilikuwa kimoja tu, na hilo liliniuma sana.

“Gari gani halina hata nafasi ya mtoto?” Mama alimdhihaki. “Sisi tutapanda kichwani kwako?”

Baba alicheka tu.

Na ajabu, mwenye wazimu wa kuendesha alikuwa Mama. Alisambaza viungo vya duka moja la mtaa wa Mayfair kwa gari la mizigo, na taa za barabarani, roboti kama zinavyoitwa huko, zikiwaka kijani hakukubali mtu amtangulie. “Iko siku nitashindana na wenye magari ya kweli,” alizoea kusema. Kisha anapakia viazi, sisi watoto, na jirani anayekwenda kliniki, siku inapita.

Jumamosi moja nilimkuta Baba ametandaza gauni la Idi la Mama juu ya mabomba ya fremu, anapima kwa chaki. Gereji nzima ilinukia udi. Nikatoka mbio: “Mama, Baba anafutia oili gauni lako!” Wiki ile Baba alikula ugali kwa chumvi, na hakujitetea.

Siku ya kulijaribu uwanjani, wenzake walimtazama tumbo, wakatazama kiti, wakaangua kicheko. “Eish, fundi, umekosea vipimo!”

Baba akampa Mama kofia ngumu. “Ingia, mama Zuhura,” alisema, akimwita kwa jina langu. “Ni lako.”

Mama aliingia, likamkaa kama limeshonwa.

Katika mbio zake za kwanza alimaliza wa pili kutoka mwisho. Alishuka akilia na kucheka. Mimi nililia pia, kwa wivu, kwa kuwa sikubebwa.

Sasa nina watoto wangu, na gari langu limejaa mabegi na makombo ya biskuti, ndipo nimeelewa. Mama alitubeba sote miaka yote. Baba akamtengenezea mahali pamoja tu duniani ambapo hakuna mwingine angeweza kuingia, hata yeye mwenyewe.