Jina Juu ya Mlango wa Mama

Udongo mwekundu uliokandwa na majivu ya jikoni una harufu yake, na mtu asiyewahi kuukanyaga kwa miguu hawezi kunielewa nikimweleza. Una kitu cha mvua iliyokwisha kupita, una kitu cha moshi, na una kitu cha chungu kipya kinapotiwa maji kwa mara ya kwanza. Kwetu, juu huko upande wa Mgeta, harufu hiyo ilikuwa inakuja na kipupwe. Mahindi yakishavunwa, maharage yakishapigwa, ukungu ukianza kushinda mlangoni mpaka saa nne asubuhi, kina mama walitoka na majembe kwenda kuchimba udongo kwenye kingo za kijito, na kwa muda wa wiki mbili kijiji kizima kilinuka nyumba mpya. Siku hizi nikipita mahali wanapofyatua matofali nikaisikia harufu ile, naongeza mwendo. Walio pamoja nami hudhani naringa. Siringi.

Mama yangu, Apolonia, alikuwa fundi wa kazi ile, na alijua kwamba ni fundi, tena hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Kuta alizisiriba kwa kiganja, si kwa kitambaa kama wenzake, kwa sababu alisema kitambaa kinaacha mikwaruzo na yeye hataki nyumba yenye makovu. Chini aliweka udongo mwekundu, juu udongo mweupe uliochimbwa mbali, na katikati mstari mweusi wa masizi aliouchora bila kupumua. Kisha alichukua gunzi la hindi, akalichovya kwenye udongo mweupe na kuliviringisha taratibu juu ya ule mwekundu, likaacha vidoa vilivyopangana safu kwa safu. Mimi kazi yangu ilikuwa magazeti ya zamani. Nilikunja karatasi mara nne, nikakata kwa wembe pembe na miduara, na nikiikunjua inakuwa nakshi ya kuning'iniza kwenye ubao wa vikombe. Maganda ya mahindi tulichovya kwenye rangi iliyobaki ya kusukia mikeka, tukayafunga yakawa maua. Mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili na kuning'inizwa juu ya moto. Baridi ya kwetu mwezi wa saba si ya mchezo, lakini ukikaa ndani ya nyumba ile jioni, njegere zinachemka, na kuta zote zinakutazama zikiwa safi, hutamani kwenda popote.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, mama alikufa katikati ya masika. Aliugua siku chache, akapelekwa chini mjini, akarudishwa amefunikwa. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Nyumbani tulibaki watatu: baba, mimi, na mdogo wangu Beno aliyekuwa na miaka mitano na aliyekuwa akiuliza kila asubuhi kama mama amepona. Sasa, kwa msomaji asiyejua mambo yetu: kwetu ardhi ni ya upande wa mama. Watoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na nyumba ikisimama juu ya ardhi ile ni hivyo hivyo. Baba yangu, Kaspari, alikuwa mtu wa Turiani, wa mpunga, aliyepanda mlima kuja kuoa. Miti ya nyumba ile aliikata yeye na paa aliliezeka yeye. Lakini alikuwa mkwe, na mkewe akishazikwa, mkwe hana pa kushika. Siku ya kumaliza matanga, mjomba Deo, kaka mkubwa wa mama, alisema mbele ya watu wote kwa sauti ya upole, "Kaspari avune kwanza. Tutazungumza baada ya mavuno." Watu wakaitikia kwa kichwa. Baba naye akaitikia.

Kwa hiyo mwaka ule mavuno niliyachukia. Nilikuwa namwona baba akivunja mahindi shambani na nafsi yangu inamwambia apunguze kasi. Mama mdogo Leokadia, aliyekaa ng'ambo ya kijito na aliyekuja kutupikia, hakunificha. Nilipomuuliza alinijibu kama mtu mzima: mjomba anakuja na wazee wawili Jumapili baada ya misa, na wataamua kama baba abaki na sisi au aende kwao. "Na sisi?" nikauliza. "Nyie hamwendi popote, nyie ni wa hapa," akasema, kana kwamba ananituliza. Nilikwenda nikajificha nyuma ya choo nikalia mpaka nikapata kwikwi. Nilipomaliza kulia nikaanza kufikiri. Nilikuwa nimeona mgeni akiingia kwetu anatazama nini kwanza. Anatazama kuta. Wote walikuwa wanamsifu mama kwa kuta. Na kuta zetu mwaka ule zilikuwa na nyufa za masika, na pembeni mwa dirisha udongo ulikuwa umebanduka mpaka fito zinaonekana. Nikajiambia kwamba mjomba akiikuta nyumba kama alivyoiacha dada yake, hataweza kumfukuza mtu anayeitunza vile.

Nilimwambia baba nataka kusiriba. Hakuniuliza kwa nini. Alichukua jembe na debe, tukashuka wote watatu kijitoni, na kwetu mwanaume kubeba udongo wa kusiriba ni kituko. Wanawake waliokuwa wakichota maji walitucheka, mmoja akamwita "mama Skola", yaani mimi ndiye Skola na yeye sasa ndiye mama yangu. Baba akacheka nao, lakini niliona masikio yake yameiva kwa aibu. Tulikanyaga udongo pamoja, Beno akiteleza na kuanguka makusudi. Tulisiriba siku nne. Mkono wa baba ulikuwa mzito, uliacha mawimbi, nami nilimfuata nyuma nikisawazisha na kumgombeza kwa maneno ya mama, "Usikandamize, pangusa." Alitii. Mstari wa masizi ulinishinda, ukapinda kama njia ya kwenda kanisani, lakini vidoa vya gunzi vilitoka vizuri. Nilikata magazeti, nikatengeneza maua ya maganda, tukatundika mahindi ya mbegu. Jumamosi mchana nyumba ilikuwa imependeza kweli, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia baba akipiga mluzi akielekea kwenye mbogamboga.

Ningeacha hapo, yote haya nisingeyaandika. Lakini udongo mweupe ulikuwa umebaki nusu bakuli, na mimi nilikuwa darasa la tatu na mwandiko wangu mwalimu aliuonyesha darasani. Sokoni nilikuwa nimeona maduka yenye majina juu ya milango, herufi kubwa, na niliona kwamba mahali penye jina ni mahali pa kuheshimika. Nilipanda juu ya kinu, nikachovya kidole, na juu ya mlango, pale ambapo mama alikuwa akiacha pekundu patupu, nikaandika KWA KASPARI. Kila herufi ilikuwa ndefu kama kiganja changu. Beno alizungushia vidoa. Baba aliporudi jua likiwa bado lipo, akasimama uani na furushi la kabichi begani, akasoma. Baba anajua kusoma, anasoma polepole. Alisimama kitambo kirefu mpaka nikapata wasiwasi kwamba nimekosea. Kisha akasema, "Herufi zimenyooka," akaingia ndani na kabichi zake.

Mjomba Deo hakuwa mtu mbaya, na nakasirika watu wanapotaka nimseme vibaya. Alikuja Jumapili na kilo mbili za sukari na sweta la Beno. Tulimpokea, "Shikamoo mjomba," akasema marahaba na kunishika kichwani. Kisha akainua macho. Wazee wawili nao wakainua macho. Mjomba alisoma kwa sauti, neno moja, likafuata la pili, kama mtoto anayefundishwa. Kuku walikuwa wanaparua pembeni na nilisikia kila ukucha.

"Shemeji," akasema, "haya maandishi ni ya nani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kidole changu bado kina ukoko mweupe ukuchani. Nilijua jibu na nilikuwa na mdomo. Nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja, na mjomba angenichapa viboko viwili, vitatu, au labda angecheka, kwa sababu alikuwa ananipenda. Baba hakunitazama. Alitazama mbele, uso mkavu kabisa, akasema, "Ni mimi."

"Wewe."

"Ni mimi, shemeji."

Mjomba akageukia wenzake na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumia. Alisema dada yake hajamaliza hata mwaka ardhini na mtu ameshaandika jina lake juu ya nyumba ya ukoo. Alisema walikuja na nia njema, lakini sasa wameonyeshwa wazi, na aliyewaonyesha ni mwenyewe. Hawakukaa hata kunywa chai. Baba akapewa mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nilisema "kwaheri mjomba" kwa adabu, kama nilivyofundishwa. Hilo ndilo neno nililolipata.

Baba alikwenda Dumila, penye njia panda, akaanza kuuza vitunguu na mahindi ya kuchoma kwa wasafiri. Mama mdogo alihamia kwetu kutulea. Krismasi baba alipanda mlima kuja kutuona, akalala kwa katekista, akatuletea mchele, akaketi uani kwetu kwenye kigoda kama mgeni. Maandishi mama mdogo alikuwa ameyasiriba siku ile ile aliyohamia. Nilipokuwa sekondari, siku moja tunachambua mchicha, aliniambia bila kujua anachonifanyia kwamba wale wazee siku ile walikuwa wameshakubaliana njiani. Wangemwachia baba akae mpaka Beno amalize shule. "Ni ubishi wake tu uliomponza," akasema. Nikaendelea na mchicha. Sikumwambia. Hadi alipokufa hakujua.

Leo naishi Morogoro mjini, nyumba ya matofali, na watoto wangu wawili wanapenda mapambo. Wananunua taa ndogo ndogo za rangi, wananunua karatasi za kubandika ukutani zenye matofali ya kuchora, na kipupwe kikifika, japo baridi ya mjini ni ya kuigiza, binti yangu anataka tutandike vitambaa vipya na kuweka maua sebuleni. Yote yanatoka dukani yakiwa tayari, yanabandikwa dakika kumi, yanabanduliwa dakika tano. Nilipokuwa mdogo tulichoka mgongo siku nne ili ukuta upendeze, na mtu alifukuzwa kwa ajili ya ukuta. Sijui ni lipi bora. Huwa nasikia watu wakisema zamani palikuwa na raha, na mimi nasema ndiyo, raha ilikuwepo, nimeila, nakumbuka ladha yake mpaka leo, ila msinifanye niimbe.

Mjomba Deo alipozeeka aliniita na kunikabidhi. Mimi ni mwanamke, ni mtoto wa Apolonia, kwa hiyo nyumba ile na shamba lake vimekuja kwangu na hakuna wa kunyanyua kidole. Mwaka jana, kipupwe, nikaenda Dumila. Baba amezeeka, mgongo umepinda, bado ana meza yake kando ya barabara na vitunguu vimefungwa kwenye nyavu nyekundu. Nilikaa naye tangu asubuhi, na magari yalipopungua nikamwambia. Nikasema ni mimi niliyeandika, kana kwamba hajui. Nikamuuliza kwa nini hakufuta, alikuwa na jioni nzima, na maji yalikuwepo, na udongo ulikuwepo.

"Nilijua watachukia," akasema. "Lakini nilikuwa sijawahi kuona jina langu limeandikwa kubwa vile. Nikasema lilale siku moja."

Nimekaa na jibu hilo mwaka mzima. Huenda ni kweli. Lakini huyu ni mtu aliyemdanganya mjomba wangu machoni kwa ajili yangu bila kupepesa, na siku ile pale Dumila uso wake ulikuwa mkavu vile vile. Nitajuaje kama hakunibebea kosa tena?

Siku ile ile nilimwambia basi turudi nyumbani, nyumba sasa ni yangu, chumba kipo, hakuna wa kumuuliza kitu. Aliendelea kufunga nyavu za vitunguu.

"Nikakae kule kama nani?"

"Kama baba yangu."

Akacheka kidogo. "Baba yako si nipo hapa," akasema, akanisukumia gunia nilishike mdomo.

Kipupwe hiki nimepanda peke yangu. Nimechimba udongo, nimesiriba kwa kiganja, siku nne. Majirani walikuja kutazama, wakasema imependeza kama enzi za Apolonia, na ni kweli imependeza. Nilipomaliza nilinawa, nikatia kufuli, nikashuka mjini. Ndani hakuna anayekaa.