Mechi Niliyoibakiza

Sijawahi kuomba radhi kwa sababu ya ile mashine ya gemu, na leo pia siombi. Nilikuwa mke wa mtu, miaka thelathini na ushee, nahudumia wazee majumbani mwao, na nikirudi Hagsätra, mtaa wetu huku Uswidi, nilivua buti, nikabandika chai, nikacheza gemu la mpira wa vyuo vya Marekani. Si mpira huu wetu. Ni ule wa kofia ngumu, ambapo mmoja anarusha mpira uliochongoka pande zote mbili na wenzake wanaangushana ili apate nafasi ya kuurusha. Hagsätra nzima sikumjua mtu mwingine aliyeucheza.

Gemu hilo lilitoka upya kila kiangazi, na huku halikuuzwa. Mdogo wangu ndiye aliyenitumia kutoka Marekani. Diski ya kwanza iligoma kwenye mashine ya huku, akanitumia na mashine ya kwao. Mashine ya kwao nayo haikutaka umeme wa huku, nikanunua transfoma nzito kama tofali, ikawa inanguruma pembeni ya sofa. Mume wangu alisema nimefuga mnyama.

Mdogo wangu alikwenda Marekani na barua ya chuo. Baba, kule Iringa, aliwasomea majirani barua ile kabla ya kumkabidhi, mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Muhula wa kwanza haukuisha. Mambo ya vibali yalikwenda kombo, akaishia kwenye ghala akipakia masanduku. Baba hakuambiwa. Akaendelea kumtangaza mwanawe wa chuo kikuu, na mdogo wangu kwa aibu akaacha kupokea simu za nyumbani. Akabaki kunipigia mimi tu, Jumapili, kwake asubuhi na kwangu alasiri. Hata kwangu hakuwa na la kusema. Tulisikilizana tukipumua, kisha akaaga.

Gemu ndilo lililomfungua kinywa. Lilikuruhusu kuunda mchezaji wako mwenyewe, nami nikamsajili yeye, jina lake na la baba, mwaka wa kwanza, katika chuo kilekile kilichomwandikia barua, nikampa kazi ya kurusha mpira. Jumapili iliyofuata nikamwambia, "Jana umeshinda." Akauliza, "Nilirusha vizuri?" Nikamwambia ukweli, kwamba alirusha ovyo kipindi cha kwanza. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aondoke nyumbani.

Sasa, katika gemu hilo mchezaji ana miaka minne tu. Mechi ya mwisho ya mwaka wa nne ikiisha, jina lake linaingia kwenye orodha ya wahitimu na humwoni tena. "Dada, usinihitimishe," aliniambia mapema kabisa. "Nikishahitimu nitakupigia nikuulize nini?" Basi kila mwaka nilibakiza mechi moja, nikasubiri diski mpya, nikamsajili upya. Kuna watu wanaofuta vumbi kwenye maua ya plastiki miaka ishirini na hakuna anayewaitia kikao.

Mimi niliitiwa. Ulikuwa msimu wa baridi ambao mdogo wangu alinipa habari kwamba gemu halitatengenezwa tena. Diski niliyokuwa nayo ndiyo ya mwisho, na ndani yake imebaki mechi moja. Kumsajili upya kwenye diski ileile kungetaka kwanza nimhitimishe au nimfute, na sikuwa tayari. Sikuigusa. Nilicheza zile za mazoezi, zisizohesabika, na siku moja nikanogewa nazo nikasahau nguo kwenye chumba cha kufulia. Kwenye magorofa yetu chumba hicho huwa cha zamu, na zamu ya mtu haichezewi. Jirani aliyenifuata kwa zamu alizirundika nguo zetu sakafuni, akabandika karatasi mlangoni petu, Kiswidi cha hasira iliyopigwa pasi. Mume wangu akaibandua, akaikunja vizuri, akampigia shangazi yake wa Husby, upande wa pili wa jiji.

Shangazi huyo ndiye aliyeongoza waliopeleka posa yangu Iringa, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunikalisha chini. Alikuja Jumamosi mchana na chapati zake. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Mwanangu, mumeo anasema unacheza kama mtoto. Ni kweli?"

"Kucheza nacheza, shangazi. Kama mtoto, hapana."

"Unasikia anavyojibu?" mume wangu alisema.

"Na hizo nguo?"

"Nguo nimekosa. Jirani nimemwomba radhi, na maandazi nimempelekea. Kwenye mashine sijakosa."

Ningeweza kueleza yote nikaeleweka. Lakini habari ikifika Husby mchana, jioni iko Iringa, na siri haikuwa yangu. Mume wangu alijua habari za ghala, nilimwambia tangu tulipooana. Ila hakuwahi kutazama kile kioo muda wa kutosha kuona ni jina la nani limeandikwa mle.

Shangazi akatoa uamuzi: mashine itoke leo hii. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Walikuwa wananinyang'anya sauti ya mdogo wangu na hawakujua. Nikasema itatoka nikishamaliza mechi yangu, na waliokuja kunihukumu wakae watazame. Sijui nilipata wapi ubavu wa kumjibu hivyo mama mtu mzima, na sijutii. Nikawasha transfoma.

Tulifungwa kwa pointi tatu. Nilicheza hadi filimbi ya mwisho, shangazi akila chapati na kuuliza mbona mpira wenyewe si duara. Kisha ikaja orodha ya wahitimu. Shangazi akavaa miwani, akasogelea televisheni.

"Huyu si mdogo wako?"

"Ndiye."

"Na chuo si kile cha barua?"

"Ndicho."

"Amehitimu?"

"Kama unavyoona, shangazi."

Mjue kwamba shangazi alikuwa na watoto wawili shuleni, na shule za huku humwekea mzazi kila kitu kwenye mtandao: alama, mahudhurio, hata nani kachelewa somo la mazoezi. Kila siku alikuwa akifungua kompyuta kuwakagua wanawe. Akadhani na hiki kioo changu ni kama kile cha shule, akamgeukia mume wangu.

"Kumbe miaka yote anamfuatilia mdogo wake chuoni, wewe unanitoa Husby kuniambia anacheza?"

Mume wangu alilitazama lile jina, akanitazama mimi. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kuniumbua.

"Sikujua, shangazi," alisema, na kweli hakujua.

Shangazi akapiga kigelegele ambacho bila shaka jirani wa karatasi alikisikia. Mwanamke akipiga kigelegele sebuleni kwako huwezi kumwachia peke yake, nikakipokea. Nilipomaliza alikuwa ameshashika simu, anaitafuta namba ya Baba. Ningeweza kumzuia. Sikumzuia. Nilikuwa nimechoka kumficha ndugu yangu kama vile ameiba.

Jumapili simu ililia saa ileile.

"Umenihitimisha," mdogo wangu alisema.

"Nimekuhitimisha."

"Mzee amenipigia. Nimepokea."

Nikakaa chini. Akaniambia Baba alilia, akampongeza, akamwombea, akampongeza tena, mpaka mdogo wangu akashindwa kuvumilia akamweleza kweli yote: vibali, ghala, masanduku. Akamwambia kwamba chuo alichohitimu kiko sebuleni kwa dada, Hagsätra.

"Akasemaje?" nilimwuliza.

"Akaniuliza nilikuwa nacheza nafasi gani."

Transfoma ilikuwa ikinguruma pale pale pembeni ya sofa. Hakuna aliyekuwa ameitoa, na mume wangu alikuwa ameshuka chini na kapu la nguo.

"Dada, diski unayo bado?"

"Ninayo."

"Nisajili tena. Mzee anataka aanze na mimi mwaka wa kwanza."