Nilimpanga Shemeji Aje Anizomee

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, msije mkahangaika kumtafuta.

Nilimwuliza mwanamke mjamzito, mbele ya ukumbi uliojaa, lile tumbo kalipatia baa gani.

Ndiyo. Mimi mwenyewe. Tena kwenye maikrofoni, ili hata wa nyuma wasikose.

Tulieni niwape mkasa.

Mimi ni mchekeshaji wa jukwaani. Jina langu la kazi ni Kiwembe. Nilijipa mwenyewe, na hapo tu mmeshajua tatizo langu.

Hakuna kiumbe ninayemdharau kama mtu anayemkatiza mchekeshaji. Mtu kaoga, kajipulizia marashi, kakata tiketi, kufika ukumbini anataka kufanya kazi yangu. Wewe ukipanda basi unamnyang'anya dereva usukani?

Nawajua wote. Kuna yule anayemalizia kichekesho chako kabla yako, na anakimalizia vibaya. Kuna aliyekuja na mchumba mpya, anataka aonekane mjanja. Kuna anayepokea simu: "Niko kwenye vichekesho hapa... hapana, hachekeshi sana." Kuna mlevi. Huyo namsamehe, angalau ana sababu.

Na wote, sijui wamesoma shule gani, wana sentensi moja: "Hiyo tumeshaisikia!"

Shida ni kwamba dharau yangu iliishia moyoni. Nikizomewa, ulimi unakuwa gogo. Jibu kali linanijia nikiwa nyumbani, napiga mswaki.

Mwenye ukumbi aliligundua hilo. Tulimwita Mama Ukumbi. Hacheki ovyo yule mama. Ukimwona anacheka, ujue kuna mtu kaanguka.

Akaniita ofisini.

"Kiwembe, nafasi ya kila Jumamosi iko wazi. Vichekesho vyako vinavumilika. Lakini ukikatizwa unakuwa kama redio iliyoishiwa betri. Jumamosi hii nitakaa pale pembeni. Wakikuchokoza ukawamudu, nafasi yako. Wakikumudu wao, rudi ukashereheshe bethidei za watoto."

Bethidei za watoto mnazijua? Huko mtoto anakutapikia kiatuni, na hiyo ndiyo siku iliyoenda vizuri. Nafasi ya Jumamosi niliitaka kama mgonjwa anavyotaka usingizi.

Hapo ndipo akili yangu ikajifanya kufikiri. Kama lazima nizomewe, si bora nimchague wa kunizomea?

Nikamfuata shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi wa friji. Kipara safi, tumbo limetangulia, sauti nzito. Mungu alimwumba mtu yule atukanwe jukwaani.

"Shemeji, utakaa safu ya tatu, kiti cha kwanza kushoto. Nikimaliza kichekesho cha mwenye nyumba, piga kelele: 'Hiyo tumeshaisikia!' Mengine niachie."

"Mengine yapi?"

"Nitakutukana kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kipara, tumbo, na mambo ya friji."

Akafikiri. "Mama yangu usimguse."

"Mama yako ni mkwe wangu, shemeji. Nimguse nikalale wapi?"

Tukafanya mazoezi sebuleni. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, anatutazama kama mbuzi wawili wanaojadili siasa.

"Mwanaume mzima," akasema. "Unatafuta mtu wa kukutukana mpaka unamkatia tiketi? Si ungeniambia mimi, ningekutukana hapahapa bure."

Tukamwona hajui sanaa.

Jumamosi ikafika. Saa kumi jioni ukumbi umefurika, mapazia yamefungwa, taa zinanipiga usoni. Ambaye hajawahi kupanda jukwaani ajue hili: ukiwa pale juu humwoni mtu. Unaona giza linalokohoa.

Nikaanza vizuri. Wakacheka. Kwa kona ya jicho nikajua Mama Ukumbi yuko pembeni, kakunja mikono.

Nikafika kwa mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba wangu ana huruma sana. Paa likivuja, ananiletea ndoo. Mwisho wa mwezi anapandisha kodi. Anasema nyumba sasa ina maji ndani."

Sauti nzito ikatoka safu ya tatu, kushoto: "Hiyo tumeshaisikia!"

Moyoni nikasema, shemeji, ubarikiwe.

Nikajigeuza kwa madaha. "Nani huyo? Aaa, wewe mwenye kipara! Hebu kifunike, kinanirudishia taa machoni!"

Kimya.

Kimya cha watu wanaotafuta kipara.

Nikajipa moyo: labda hawajakiona vizuri. Nikashusha la pili.

"Na hilo tumbo, umelipatia baa gani? Au ni mimba? Ya miezi mingapi?"

Ukumbi wote ukavuta pumzi kwa mkupuo.

"Saba," ile sauti ikajibu. "Na kabla hujapanda hapo, mtoto alikuwa anacheza."

Jamani.

Watu waligonga meza. Watu walipiga sakafu kwa miguu. Kicheko kile nimekitafuta tangu nianze kazi hii, kumbe kilikuwa kimekaa safu ya tatu kinanisubiri.

Fundi wa taa, badala ya kunizimia nikimbie, akageuza taa moja kwa watu. Nikamwona. Mwanamke. Mafua yamemkaba, ndiyo maana sauti ilikuwa nzito vile. Nywele zimesukwa mpaka kiunoni. Tumbo mbele, mkono mgongoni, ananitazama kama daftari la mtoto aliyekosea hesabu zote.

Kumbe shemeji alimwona mjamzito anahangaika kutafuta kiti, akampisha. Roho nzuri ya shemeji ikaniponza kuliko roho mbaya za maadui zangu wote.

Mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nilikuwa nimekariri majibu matatu, na mdomoni limebaki moja.

"Ru... rudi kwenye mafriji yako!"

"Mafriji?" Akawatazama majirani zake. "Kaka, mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto wa miaka minne wananikatiza asubuhi mpaka mchana. Lakini wao wakikosea, wanakaa chini."

Kicheko kingine. Mzee mmoja akavua miwani, akafuta machozi.

Bado nilikuwa na upenyo. Ningeinamisha kichwa, ningesema, "Mwalimu, nakaa chini," na huenda watu wangenihurumia.

Ndipo, kutoka kule nyuma kabisa, ikasikika sauti ya mtu mwaminifu aliyeona zamu yake inampita:

"HIYO TUMESHAISIKIA!"

Nikasahau kabisa kuwa nimeshika maikrofoni. "Shemeji, nyamaza! Mambo yameshaharibika!"

Mwalimu akageuka nyuma taratibu. Akakitazama kipara. Akalitazama tumbo. Akanigeukia, na nikaona jua linachomoza usoni kwake.

"Ngojeni kwanza. Samahani, kaka wa kule nyuma. Wewe ni fundi wa friji?"

"Ndiyo, dada," shemeji akajibu. Mtu mkweli yule, mpaka inaudhi. "Na friza pia."

"Jamani," mwalimu akawaambia watu, "ndugu yetu kapanga mpaka wa kumzomea! Matusi kayashona kwa vipimo vya shemeji yake, leo kaja kunivika mimi!"

Sikumalizia onyesho. Lilijimaliza lenyewe. Hata Mama Ukumbi alicheka mpaka akashika ukuta, na nilishawaambia mama yule huwa anacheka kukitokea nini.

Kama mnataka funzo, lichukueni hapa kabla sijabadili mawazo: ukitaka kumdharau mtu, mtazame kwanza. Mimi nilijiandalia majibu matatu makali sana. Kasoro yake, hakuna aliyeniuliza.

Lakini bado sikuwa nimekoma.

Watu walipotoka, nikamkuta Mama Ukumbi mlangoni pa ofisi yake anaagana na mwalimu. Nikasikia kwa masikio yangu: "Ukishajifungua na ukapata nguvu, Jumamosi ni zako."

Damu ikanichemka. Nikangoja mwalimu aondoke.

"Mama, nafasi yangu unampa mtu aliyekuja kukaa tu?"

"Nimempa."

"Huyo si mchekeshaji! Hajawahi kuandika hata kichekesho kimoja!"

"Na wewe uliyeandika?"

"Alikuwa ananijibu mimi! Bila mimi kuongea, angemchekesha nani? Kile kicheko nusu ni changu. Sema kweli, Mama: nusu si yangu?"

Shemeji akanivuta shati. "Shemeji, twende nyumbani."

"Niache! Ajibu!"

Mama Ukumbi akafunga ofisi yake, akaujaribu mlango kama umeshika, akautia ufunguo mkobani.

"Tuseme nusu ni yako, Kiwembe. Kila Jumamosi itabidi nikulipe wewe uongee, halafu nimlipe yeye akukatize, ndipo watu wacheke. Mimi naona niruke hiyo gharama ya kwanza."